Zana za Bure na Jasho la Wachache

Miongoni mwa kazi zilizoletwa na enzi ya kompyuta, kazi ya fundi wa tovuti ndiyo ambayo matunda yake huwafikia watu wengi kila siku bila ya wao kumfahamu aliyeyapanda. Mwalimu mkuu anayeingiza majina ya wanafunzi, karani anayepokea maombi ya leseni, mganga wa zahanati anayepeleka hesabu ya wagonjwa wilayani, wote hao hupita katika mlango uliochongwa na fundi huyo. Yapasa basi kuuliza: fundi mwenyewe hupata wapi randa na patasi zake?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya zana hizo hakuzitengeneza wala hakuzinunua. Ameziokota. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, hupitia habari za ufundi wake kama mvuvi anavyopitia nyavu. Leo imetoka programu ya kupanga kurasa kwa upesi zaidi, jana ilitoka nyingine ya kukagua makosa, juzi mtu wa nchi ya mbali alitangaza kifurushi kidogo cha kusoma tarehe kwa kalenda za mataifa mbalimbali. Fundi huchukua kinachomfaa, akakiunga katika kazi yake, na kabla ya chakula cha mchana tovuti inafanya jambo ambalo kulibuni peke yake kungemchukua mwezi mzima. Halipi hata senti moja. Tena kifurushi alichokichukua hakiji peke yake, bali huja na vingine ambavyo nacho kinavitegemea, kama mgeni aliyealikwa harusini akatokea na ukoo wake wote. Fundi hudhani amechagua zana ishirini. Akihesabu hukuta amepokea mia kadhaa, na wengi wa waliozitengeneza hajapata kusikia hata majina yao.

Jambo hili si wizi, wala si sadaka. Zana hizo huitwa programu huria. Mtungaji wake huuweka hadharani msimbo, yaani yale maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta, pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadili na kuugawa. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mpango wa GNU kwa shabaha hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alianza kuigawa Linux, ambayo leo inaendesha seva nyingi za ulimwengu na ndiyo kiini cha simu za Android. Na tarehe 30 Aprili, 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kilitangaza kwamba programu za mtandao wa kurasa zilizobuniwa na Tim Berners-Lee zitakuwa mali ya watu wote. Lau CERN ingeamua kutoza ada, historia ya dunia katika miaka hii thelathini na ushei ingekuwa nyingine kabisa.

Hapana budi kukiri kwamba utaratibu huo ni mojawapo ya mambo mema yaliyopata kufanywa na wanadamu kwa ushirikiano bila ya kuamrishwa na mtu. Lakini wema huo una upande ambao haupendwi kutajwa. Kisima kimechimbwa, na kila mtu anateka maji. Kazi ya kukisafisha imeachiwa mtu mmoja anayeishi karibu nacho.

Dunia ililionja jambo hili kwa mara ya kwanza kwa namna ya kuchekesha. Mwezi Machi, 2016, fundi mmoja aitwaye Azer Koçulu aligombana na kampuni ya Kik juu ya jina la kifurushi chake. Kampuni ililitaka jina hilo. Waendeshaji wa ghala la vifurushi liitwalo npm waliamua kuipa. Naye kwa hasira akaviondoa katika ghala vifurushi vyake vyote, ambavyo vilizidi 250. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa maandishi ili yafikie urefu unaotakiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kukiandika kabla kengele haijalia. Hata hivyo, siku hiyo mafundi katika kampuni kubwa kubwa waliona kazi zao zikikataa kuungana, kwa sababu zana walizozitumia zilitegemea zana nyingine zilizotegemea mistari ile 11. Waendeshaji wa ghala walilazimika kukirudisha kifurushi hicho bila ya idhini ya mwenyewe, na baadaye wakabadili kanuni zao. Watu wengi waliwacheka mafundi kwa uvivu wa kutoandika mistari 11. Waliocheka hawakuliona jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba biashara za mabilioni ya fedha zilikuwa zimejengwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyejua ni cha nani.

Miaka miwili kabla yake lilikuwa limetokea jambo lisilochekesha hata kidogo. OpenSSL ni programu inayozifunga kwa siri habari zinazosafiri kati ya kompyuta ya mtumiaji na seva. Ndiyo mojawapo ya zile zinazofanya kazi nyuma ya alama ya kufuli anayoiona mteja wa benki juu ya ukurasa. Tarehe 7 Aprili, 2014, ilitangazwa kwamba ndani yake mna kosa, nalo likapewa jina la Heartbleed. Mtu yeyote aliweza kuiuliza seva swali dogo la uongo, nayo ikamjibu kwa kumwaga hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, zikiwamo nywila na funguo za siri. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu toleo la mwaka 2012. Nchini Kanada namba za bima ya jamii za walipa kodi wapatao 900 ziliibwa katika idara ya kodi.

Watu walipouliza ni jeshi gani la wataalamu lililokuwa likiilinda programu hiyo muhimu, jibu liliwaduwaza. Steve Marquess, aliyekuwa akisimamia fedha za OpenSSL, alieleza kwamba michango ya hiari iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu aliyefanya kazi hiyo kwa muda wake wote alikuwa mmoja tu. Dola 2,000! Benki, viwanda, majeshi na wizara za nchi tajiri zilikuwa zikilindwa na programu ambayo mapato yake ya hiari yasingetosha kumlipa mlinzi wa usiku wa mojawapo ya majengo yao. Baada ya aibu hiyo kampuni kadhaa, zikiwamo Google, Microsoft na Facebook, ziliahidi kuchangia dola milioni kadhaa kupitia taasisi ya Linux Foundation ili kuzisaidia programu za namna hiyo. Fedha zilisaidia OpenSSL. Zilifika, lakini, pale ambapo moto ulikuwa umekwisha kuwaka, na ndivyo ilivyokuwa pia mwezi Desemba, 2021, kosa lilipotangazwa katika Log4j, programu ya kuandika daftari la matukio ya kompyuta. Ukali wa kosa hilo ulipewa alama 10 juu ya 10, na walioamka usiku kulitibu walikuwa watu wa kujitolea wenye ajira nyingine za mchana.

Kiburi cha wanaotumia bila ya kuchangia kilijidhihirisha wiki chache baadaye. Daniel Stenberg wa Sweden ndiye mtungaji wa curl, programu ya kusafirisha data ambayo chimbuko lake ni la mwaka 1996 na ambayo sasa imo katika mabilioni ya vyombo, tangu simu hadi magari. Mwezi Januari, 2022, alipokea barua kutoka kwa mojawapo ya kampuni tajiri za Marekani, ambayo hakuitaja, ikimtaka ajibu katika muda wa saa 24 maswali mengi juu ya kosa la Log4j: je, programu yake imeathirika, ataitibu lini, na amewaarifu wateja kwa njia gani. Stenberg hakuwa na mkataba wowote na kampuni hiyo, wala curl haitumii Log4j. Aliwajibu kwa adabu kwamba atafurahi kuyajibu maswali yao mara watakapotia sahihi mkataba wa kulipia huduma. Barua ya namna ile haiandikwi kwa ubaya wa moyo. Huandikwa na mtumishi aliyepewa orodha ya zana za kampuni na kuamriwa awaandikie "wauzaji" wote, ambaye hajui kwamba katika orodha hiyo wengine si wauzaji, hawakuuza kitu.

Lakini kisa kinachostahili kufikiriwa kwa makini kuliko vyote ni kile cha xz, kwa kuwa safari hii hapakuwa na kosa la bahati mbaya. Palikuwa na adui aliyekaa akatazama mahali ambapo mzigo mkubwa umebebwa na mtu aliyechoka, akaamua kuingilia hapo.

Programu ya xz kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, bila ya malipo. Mwishoni mwa mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogo madogo, mazuri na yenye adabu. Katika mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine, ambayo hayakujulikana kabla wala hayakuonekana baada ya hapo, yakaanza kumlaumu Collin hadharani kwamba anachelewesha kazi, kwamba programu inakufa mikononi mwake, kwamba ampe mtu mwingine. Collin alijibu kwa unyenyekevu. Alieleza kwamba nguvu zake zimepungua, hasa kutokana na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, akakumbusha kwamba kazi ile haimlipi kitu. Kisha akataja kwamba yupo Jia Tan anayemsaidia, na kwamba huenda mbele ya safari akachukua nafasi kubwa zaidi.

Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguliwa. Mtu amelemewa, anashutumiwa na watu asiowajua, na mbele yake yuko kijana mchapakazi asiyeomba chochote. Ni nani asingemshukuru Mungu kwa kumpata msaidizi wa namna hiyo? Jia Tan akapewa haki ya kuingiza mabadiliko, na hatimaye haki ya kutoa matoleo. Mwezi Februari na Machi, 2024, yalitoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na msimbo wa hila uliofichwa katika mafaili yaliyojidai kuwa ya majaribio. Msimbo huo ulijipenyeza hadi katika huduma ambayo wasimamizi wa seva huitumia kuingia kutoka mbali, ukamwekea mwenye ufunguo wake wa siri mlango wa uani. Lau ungeenea, mtu huyo angaliweza kuziamuru seva zisizo na idadi katika nchi zote.

Haukuenea, na sababu yake inafaa kuelezwa darasani. Mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, ambaye pia ni mmoja wa watungaji wa hifadhidata huria ya PostgreSQL, alikuwa akipima mwendo wa kompyuta zake akaona kwamba kuingia katika seva kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Nusu sekunde! Mtu mwingine angelaumu mtandao akaendelea na chai yake. Freund alichimba hadi akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi, 2024, ambayo ilikuwa Ijumaa Kuu, akautangazia ulimwengu aliyoyaona. Matoleo yale yalikuwa bado hayajaingia katika mifumo ya kutegemewa itumikayo maofisini. Yalikuwa yamefika tu katika matoleo ya majaribio na mifumo michache inayopokea kila jipya upesi. Jia Tan alitoweka. Mpaka leo haijathibitishwa hadharani yeye ni nani, au ni kundi la watu wangapi.

Wapo walioyatumia mambo haya kama hoja ya kuzikimbia programu huria. Wanadai kwamba kitu cha bure ni cha kubahatisha, na kwamba ofisi yenye heshima yafaa inunue kwa kampuni yenye jina ili ipate mtu wa kumshika shati. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara hasa katika vikao vya zabuni. Tarehe 19 Julai, 2024, miezi minne tu baada ya kisa cha xz, kampuni ya CrowdStrike, inayouza ulinzi wa kompyuta kwa bei kubwa, ilisambaza faili moja bovu. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zenye Windows ziligoma kuwaka. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha kazi. Wateja walikuwa na wa kumshika shati, lakini shati halikuziwasha kompyuta. Ilibidi nyingi zifikiwe moja moja kwa mkono. Tena Freund aliweza kuufuata mwizi hadi chumbani kwa sababu nyumba ilikuwa wazi. Msimbo wa xz ulisomeka. Ungekuwa umefungiwa ndani ya kabati la kampuni, angeishia kupeleka malalamiko na kungoja majibu.

Isitoshe, hata fedha za kampuni zinaweza kuja kwa hila. Polyfill ilikuwa huduma huria iliyosaidia vivinjari vya zamani kuzisoma tovuti mpya. Mafundi walizoea kuiita kwa mstari mmoja tu ndani ya kurasa zao. Mwezi Februari, 2024, anwani ya huduma hiyo ilinunuliwa na kampuni iitwayo Funnull. Mwezi Juni ikagunduliwa kwamba anwani hiyo inawapeleka wasomaji wa baadhi ya tovuti kwenye kurasa za utapeli. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa bado zinaiita. Mafundi walioziandika wengi wao walikwisha lipwa na kuhamia kazi nyingine miaka mingi kabla, na tovuti walizoziacha hazikuwa na mwangalizi.

Tatizo, basi, si uhuria wa programu. Ni nani anayelipwa na nani asiyelipwa. Mwaka 2024 watafiti Manuel Hoffmann, Frank Nagle na Yanuo Zhou walichapisha, chini ya Harvard Business School, makadirio ya thamani ya programu huria zinazotumika sana. Kuziandika upya mara moja tu, walisema, kungegharimu dola bilioni 4.15. Lakini iwapo kila kampuni inayozitumia ingelazimika kujiandikia yake, gharama ingefikia dola trilioni 8.8. Na walikadiria kwamba asilimia 96 ya thamani hiyo inatokana na kazi ya asilimia 5 tu ya watungaji. Msomaji aliyezoea hesabu za pamba na kahawa hahitaji kufafanuliwa maana ya tofauti kati ya hicho anachopata mkulima na hicho kinachopatikana mwisho wa safari. Tofauti iliyopo ni kwamba hapa mkulima ametoa mazao yake kwa hiari, kwa mapenzi ya kazi, na kwa sababu hiyo wanunuzi wanaona haya hata kuzungumzia bei.

Kwa Tanzania hizi si habari za mbali. Hesabu za wagonjwa, za chanjo na za akina mama wanaojifungua katika vituo vya afya hukusanywa kwa DHIS2, ambayo ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, ambako katikati ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa utawala wa makaburu, wataalamu walitafuta njia ya kuziunganisha takwimu za afya katika nchi ambayo hata hospitali zake ziligawanywa kwa rangi za watu. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kitovu cha kuiendeleza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake wa muda mrefu. Sasa inatumika katika nchi zaidi ya 70. DHIS2 huzihifadhi takwimu zake katika PostgreSQL, ile ile ambayo Freund ni mmoja wa watungaji wake. Mganga wa zahanati aliye mbali kabisa na mji, akijaza fomu yake ya mwisho wa mwezi, amekwisha kuingia katika msururu mmoja na mtu aliyehesabu nusu sekunde.

Walimu nao wana mfano wao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux uliofanywa kwa ushirikiano na Wasweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ikiwa katika Kiswahili. Yafaa ikumbukwe kwamba hawakulazimika kuipigia magoti kampuni yoyote iwashawishi wakubwa wake kwamba Kiswahili kina soko. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, nao wakakaa na kuunda maneno. Lakini tafsiri ya programu haifanani na tafsiri ya kitabu kinachochapwa kikamalizika. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na asipokuwapo mtu wa kukaa nayo mwaka hata mwaka, lugha hubaki nyuma taratibu, hadi siku moja mtumiaji hufungua programu akakuta nusu ni Kiswahili na nusu ni Kiingereza. Mradi una tarehe ya kuanza, sherehe ya uzinduzi na tarehe ya kwisha. Utunzaji hauna sherehe, na aghalabu hauna fungu katika bajeti.

Hapo ndipo penye udhaifu wa ofisi nyingi za umma, na si za Afrika peke yake. Mkandarasi huja na mfumo ambao sehemu kubwa ya viungo vyake ameviokota bure. Kufanya hivyo si kosa, maana anachouza ni ujuzi wa kuviunga. Lakini akishalipwa na kuondoka, hakuna mtumishi anayejua ndani ya mfumo mna vifurushi gani, vya toleo lipi, na nani anavitunza. Log4j ilipolipuka, ofisi nyingi duniani zilipoteza siku nyingi si katika kuitibu bali katika kuuliza kama wanayo. Marekani, kwa amri ya Rais ya mwezi Mei, 2021, iliagiza uwekwe utaratibu wa wanaoiuzia serikali programu kukabidhi orodha ya viungo vyake. Sharti kama hilo katika mkataba wa zabuni haligharimu fedha za kigeni. Linahitaji aya moja, na ofisa wa ugavi ambaye hatakubali kupokea mzigo usio na hati.

Juu ya malipo, mfano mzuri umetoka Ujerumani, ambako mwaka 2022 ulianzishwa mfuko uitwao Sovereign Tech Fund. Serikali hutoa fedha zake yenyewe kwa programu huria ambazo nchi inazitegemea. Curl na Log4j ni miongoni mwa zilizonufaika. Ujerumani haikufanya hivyo kwa huruma. Imetambua kwamba programu hizo ni kama barabara na madaraja, na daraja halisubiri livunjike ndipo litafutiwe mafundi. Nchi yenye mahitaji mengi na fedha chache haiwezi kushindana na Ujerumani kwa euro. Ina kitu kingine, nacho ni vijana wanaohitimu ufundi wa kompyuta kila mwaka na kuzunguka na vyeti vyao wakiambiwa hawana uzoefu. Uzoefu wenyewe uko wazi mbele yao, usiku na mchana. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayefundishwa kusoma msimbo wa PostgreSQL au wa DHIS2, akatafuta kosa, akaandika marekebisho na kuyatetea mbele ya watungaji wa nchi nyingine hadi yakakubaliwa, amefanya mtihani mgumu kuliko insha ya kurasa hamsini inayowekwa kabatini. Ajabu ni kwamba vyuo vingi bado havina njia ya kumpa alama kwa kazi hiyo.

Kazi hiyo inahitaji macho ya wanadamu sasa kuliko wakati wowote. Tangu programu za akili bandia zilipoenea, watunzaji wamekuwa wakimiminiwa ripoti za makosa yasiyokuwapo, zilizoandikwa na mashine kwa lugha ya kujiamini na kupelekwa na watu wanaotafuta zawadi. Stenberg alilalamika juu ya jambo hilo tangu Januari, 2024. Kila ripoti ya uongo yapaswa isomwe hadi mwisho kabla ya kutupwa, kwa kuwa moja kati yake yaweza kuwa ya kweli. Mtu aliyekuwa amechoka kwa kazi yake mwenyewe sasa huchoshwa na kazi ya kukagua uvivu wa wengine.

Collin hakuiacha xz. Mwezi Mei, 2024, alitoa toleo la 5.6.2 lililoondoa hila yote, baada ya kuupitia msimbo. Mtumishi wa idara ya kompyuta katika wizara yoyote anaweza kuipakua leo bila ya kulipa. Lakini mtumishi huyo huyo akigundua kosa katika programu kama hiyo wakati wa kazi, akataka kutumia siku mbili za juma kulirekebisha na kuyarudisha marekebisho kwa mwenyewe huko Finland, hakuna mahali katika fomu ya tathmini ya kazi yake ambapo siku hizo mbili zinaweza kuandikwa. Mkuu wake atamwuliza alikuwa wapi.